Gari la Kiira: Tulihukumu kwa Sura au kwa Safari?

Popote wanapokutana madereva, mafundi na wapenzi wa magari, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kugeuka mashindano ya hoja. Mmoja atasifu umbo la gari fulani, mwenzake atalicheka. Mmoja atahesabu magari yaliyouzwa, mwingine atatabiri toleo litakalofuata. Mabishano ya namna hiyo husikika katika kantini za kambi zetu na katika nyua za vituo vya polisi, wala si maneno ya kupotezea wakati, kwa kuwa askari ni mtu anayeishi na gari. Gari ndilo linalompeleka doria, ndilo linalombeba akiwa majeruhi, na likizimika porini usiku wa manane hakuna wa kumlalamikia.

Hapa Uganda mjadala huo una uzito wa pekee, kwa sababu kampuni mojawapo inayojadiliwa ni mali ya wananchi wenyewe. Kampuni ya Kiira Motors iliandikishwa mwaka 2014, hisa asilimia 96 zikiwa za Serikali na asilimia 4 za Chuo Kikuu cha Makerere. Mwezi Aprili 2018 Baraza la Mawaziri liliidhinisha shilingi bilioni 143.7 ili kazi hiyo itoke katika majaribio na kuingia katika biashara. Basi anayeuliza kama gari la Kiira linapendeza, linauzika, na lina mustakabali gani, anauliza habari za mali yake mwenyewe. Yafaa ajibiwe kwa hoja, wala asinyamazishwe kwa nyimbo za sifa au kukatishwa tamaa kwa dhihaka.

CHIMBUKO LAKE

Kazi hii haikuanza kwa kiwanda, ilianza darasani. Mwaka 2008 wanafunzi na walimu wa Makerere walikuwa miongoni mwa vijana wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali walioshirikiana kubuni gari la Vision 200, lililoundwa mjini Turin, Italia. Waliporudi nyumbani wakajiuliza kwa nini wasiunde la kwao. Matokeo yake yalionekana mwezi Novemba 2011, pale gari dogo la rangi ya kijani, lenye viti viwili na linalokwenda kwa nguvu ya umeme, lilipoendeshwa katika viwanja vya chuo hicho. Likaitwa Kiira EV. Kiira ni jina la asili la Mto Nile kwa wenyeji wa Jinja, na kutokana na maji yake nchi yetu hupata sehemu kubwa ya umeme wake.

Mwaka 2014 likafuata gari la watu watano, Kiira EV Smack, lililochanganya umeme na petroli. Mwezi Februari 2016 Rais Yoweri Museveni akazindua basi la Kayoola, lenye viti 35 na vioo vya kunasa nguvu ya jua juu ya paa. Jina hilo limetokana na neno la Kiluganda lenye maana ya kuzoa vitu vingi kwa pamoja. Kati ya mwaka 2019 na 2020 likatokea Kayoola EVS, basi la mjini linalokwenda kwa umeme mtupu na kuchukua abiria 90, waliokaa na waliosimama.

Hapa askari asisahau jambo moja. Mabasi hayo ya kwanza ya EVS yaliundwa Nakasongola, katika karakana za Luwero Industries, ambayo ni tawi la Shirika la Biashara la Jeshi, yaani NEC. Ni NEC hiyo hiyo iliyokabidhiwa kazi ya kujenga kiwanda cha Kiira huko Kagogwa, Jinja, ujenzi ulioanza mwezi Februari 2019 juu ya eneo la ekari 100. Kwa hiyo jeshi limehusika na magari haya tangu kwenye zege la msingi. Swali linalobaki ni kama litahusika nayo pia wakati wa kununua.

HOJA YA UMBO

Wapo wanaosema kwamba magari ya Kiira hayana sura ya kumvutia mnunuzi. Kiira EV, wanasema, lilifanana na kitu cha maonyesho ya shule. Smack lilifanana na magari ya nchi nyingine. Na Kayoola EVS, lililoundwa kwa ushirikiano na kampuni ya CHTC ya China, halina alama ya Uganda ila nembo yake. Hoja hizi tusizitupe ovyo. Mtu akitoa fedha zake anayo haki ya kupenda anachokinunua.

Lakini historia ya magari inatufundisha kwamba umbo ni shahidi asiyeaminika sana. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Airflow, lililochongwa ili likate upepo kwa wepesi. Kwa ufundi lilikuwa mbele ya wakati wake, ila wanunuzi waliikataa sura yake na biashara ikaanguka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1936, Toyota ikatoa gari lake la kwanza la abiria, aina ya AA. Umbo lake lilifuata lile la Airflow, na injini yake iliiga ya Chevrolet. Leo hakuna anayesimama katika barabara ya Jinja kuidhihaki Toyota kwamba ilianza kwa kuiga. Aliyeiga akajifunza, na aliyejifunza akawapita waliomfundisha.

Tutazame pia Land Rover, gari ambalo wazee wetu walilijua kabla ya magari mengine yote ya kazi. Lilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya bati la alumini kwa sababu chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na rangi yake ya kijani ilitokana na akiba ya rangi iliyobaki katika viwanda vya ndege za kivita. Pembe zake zilinyooka kwa kuwa bati lililonyooka ni rahisi kukunja. Sura hiyo iliyozaliwa na dhiki ilipendwa karibu miaka 70, mpaka gari la mwisho la aina hiyo lilipotoka kiwandani mwezi Januari 2016. Gari likifanya kazi vizuri, macho huizoea sura yake na baadaye huipenda.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa magari wa Kampala hulisahau. Mnunuzi wetu hana sauti yoyote katika umbo la gari analolinunua. Magari mengi yanayojaa katika bondi za mjini yamekwisha kutumika Japani, na yalichorwa kwa ajili ya mteja wa Tokyo, barabara za Tokyo na mfuko wa Tokyo. Sheria yetu ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini hata hilo lenye miaka 8 au 10 linatufikia likiwa uamuzi wa watu wengine. Toyota ilipoacha kuunda Premio mwezi Machi 2021, hakuna aliyepiga simu Nakawa kuuliza maoni ya wenye kuipenda. Anayelalamika kwamba Kiira haina sura nzuri analalamikia kampuni pekee ambayo ofisi zake anaweza kuzifikia na kudai sura nyingine. Haki hiyo ni kubwa. Aitumie.

NANI ATANUNUA?

Hoja ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Kiwanda cha Jinja kilipangwa kuwa na uwezo wa kuunda magari 5,000 kwa mwaka. Kiwanda ni kama mdomo: kikishafunguliwa lazima kilishwe. Mitambo, mishahara na mikopo haisubiri mteja aamue. Kiwanda kinachounda magari machache kinagawanya gharama zake zote juu ya magari hayo machache, bei inapanda, na bei ikipanda mteja anakimbilia bondi. Hivyo ndivyo viwanda vya magari vinavyokufa: havifi kwa sura mbaya, vinakufa kwa kukosa oda ya pili.

Tuwatazame majirani. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa shangwe. Yaliundwa matano, yakakimbia, na wananchi wakajivunia. Lakini hapakuwa na kiwanda cha kuyazidisha wala mnunuzi aliyeweka oda, na mpango ukaishia hapo. Shirika lililoundwa kwa kazi hiyo likageuzwa kuwa karakana ya kuchonga vyuma na vipuri. Miaka mingi baadaye, hapo hapo Kenya, kampuni binafsi ya Mobius ikaunda gari gumu la barabara mbovu, lisilo na mapambo. Wengi walibishana juu ya sura yake ya kisanduku. Mwezi Agosti 2024 kampuni hiyo ilipotangaza nia ya kufunga milango, sababu ilizozitaja zilikuwa kodi na madeni. Sura haikutajwa. Baadaye ikapata mwenye kuinunua, lakini funzo limebaki.

Tanzania ilipita njia nyingine, iliyo karibu zaidi na sisi wenye sare. Kituo cha Kibaha kijulikanacho kwa jina la Nyumbu, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1985 chini ya ulinzi wa taifa, kiliunda lori la kazi za jeshi. Fundi wa Kitanzania alijifunza pale kusubu, kuchonga na kuunganisha, na elimu hiyo ni mali ya kudumu. Hata hivyo katika barabara kuu za Afrika Mashariki msafiri hukutana na malori ya Ulaya, Japani, India na China, wala si Nyumbu. Ujuzi ulikuwapo, soko la kuubeba halikutanuka.

Sasa tutazame upande wa waliofaulu, tuone walivyovuka mto huo. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wafanyakazi waligoma, na Kiichiro Toyoda, aliyeianzisha kazi hiyo ya magari, akajiuzulu. Mwezi Juni vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori kutoka viwanda vya Japani. Oda hizo za jeshi ndizo zilizoinua Toyota kutoka kaburini. Mwaka uliofuata, 1951, Toyota iliunda gari la aina ya BJ na kulipeleka katika zabuni ya Polisi wa Akiba wa Taifa. Likashindwa, kwa sababu mkubwa wa zabuni alichagua jipu ya Willys iliyounganishwa na Mitsubishi. Kampuni haikununa. Ikalipandisha gari lake Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika, mbele ya macho ya wakuu wa polisi. Polisi wakaridhika na kuagiza magari 289. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser.

Msomaji askari na alipime neno hilo. Gari ambalo leo linabeba doria zetu, na ambalo aina yake ya 70 imeundwa tangu mwaka 1984 bila kubadilishwa sana sura, lilisimama kwa miguu yake kwa sababu polisi wa nchi yake waliliagiza. Tena hawakuliagiza kwa huruma. Waliliagiza baada ya kuliona likipanda mlima.

BASI KABLA YA MOTOKAA

Hoja ya tatu inahusu mipango ya baadaye. Hapo mwanzo ilitazamiwa kwamba gari dogo la Smack lingeingia sokoni mwaka 2018. Halikuingia. Kampuni ikageukia mabasi, na wapenzi wa magari wengi walikasirika, kwa kuwa mtu haegeshi basi uani kwake. Uchambuzi huu unaona kwamba uamuzi wa kugeukia mabasi ulikuwa wa busara, kwa sababu mbili.

Kwanza, motokaa ndogo ya Kiira ingelazimika kushindana na Premio iliyotumika, ambayo bei yake ilikwisha kuliwa na mwenye nayo wa kwanza huko Japani. Hakuna kiwanda kipya duniani kinachoweza kuunda gari jipya kwa bei ya gari kuukuu. Katika mabasi ushindani huo ni mdogo zaidi, na wanunuzi ni wachache, wakubwa, na wanaweza kuweka oda ya mabasi mengi kwa mara moja. Teksi moja ya Kampala hubeba abiria 14. Kayoola EVS moja inayobeba 90 inachukua nafasi ya teksi zaidi ya sita, na kila afisa wa trafiki aliyesimama kwenye makutano ya barabara saa kumi na mbili jioni anaelewa maana ya hesabu hiyo.

Pili, kuna usalama wa nchi. Uganda haina bahari. Mapema mwaka 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi nchini Kenya yalipofunga njia ya Mombasa, Kampala ilikaukiwa mafuta. Mwezi Januari 2022 madereva wa malori waliposimama mpakani Malaba na Busia kwa mgogoro wa kupimwa Korona, bei ya petroli ilipanda, na baadhi ya vituo vikauza lita moja kwa shilingi 10,000 na kupita. Umeme wetu hautoki Mombasa. Unatoka Bujagali, Isimba, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwezi Septemba 2024. Basi linalochaji kwa umeme wa Nile haliwezi kuzuiwa na kizuizi cha barabara cha nchi nyingine. Kwa jeshi, jambo hilo linahusu ugavi, na ugavi ni nusu ya vita.

Pamoja na hayo, tusijidanganye. Kayoola ya mwaka 2016 iliweza kwenda kilomita 80 kwa chaji moja, yaani kama umbali wa Kampala mpaka Jinja, bila kurudi. EVS inatajwa kwenda kilomita 300. Hiyo inatosha kufika Mbarara. Haitoshi kufika Gulu, wala haikaribii Moroto. Mahali pasipo na kituo cha kuchaji, basi la umeme ni kibanda chenye magurudumu. Kwa hiyo kwa sasa ni gari la mjini na la njia fupi zinazojulikana, na anayelisifu kupita hapo analiharibia jina. Tena mabasi ya mjini yenyewe yana historia ya uchungu. Kampuni ya Pioneer Easy Bus ilianza kazi Kampala mwezi Machi 2012, wananchi wakafurahi, na kabla mwaka 2013 haujaisha mabasi yake yalikuwa yameondolewa barabarani kwa mgogoro wa kodi. Gari zuri ndani ya mpango mbovu halifiki mbali.

WAJIBU WA WENYE SARE

Wapo wanaosema: Serikali iwaachie wafanyabiashara kazi hiyo, kwani fedha za umma zina matumizi mengine. Hoja hii ni ya haki, na jibu lake si kuwaita wasemaji wake maadui wa maendeleo. Jibu ni kwamba fedha zimekwisha kutolewa, kiwanda kimejengwa kwa jasho la wahandisi wetu, na hasara kubwa kuliko zote itakuwa kukiacha kikae bila kazi huku idara za Serikali hiyo hiyo zikiagiza magari ng'ambo. Mtu hawezi kulima shamba, kisha akanunua chakula kwa jirani na kulaumu ardhi.

Siasa ya kununua na kujenga Uganda imekwisha kutangazwa. Katika magari, wanunuzi wakubwa wanaoweza kuitimiza ni wenye sare. Jeshi husafirisha askari, familia zao, wanafunzi wa shule za kambini na wagonjwa. Polisi na Magereza vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya safari hizo ni fupi na za ratiba: kutoka Mbuya kwenda Bombo, kutoka Naguru kwenda mahakamani, kutoka makazi ya askari kwenda shule. Hizo ndizo safari ambazo basi la umeme linaziweza leo, bila kungoja ahadi ya kesho.

Lakini oda hiyo isiwe sadaka. Anayenunua kwa huruma hamsaidii fundi, humlemaza. Polisi wa Japani walitaka kuona mlima ukipandwa, nasi tudai vivyo hivyo. Basi la Kiira likabidhiwe kwa madereva wa kawaida wa vikosi, wasiochaguliwa kwa sherehe, liendeshwe mwaka mzima katika vumbi na masika, na kila kasoro iandikwe katika kitabu. Oda itolewe kwa miaka kadhaa ili kiwanda kijue kitalisha mitambo yake kwa nini, na malipo yafungamane na vipuri: kipuri kisipopatikana katika siku zilizokubaliwa, mwuzaji akatwe. Mafundi wa karakana za jeshi na polisi wapelekwe Jinja wajifunze betri na mota za umeme, kwa maana gari lisilo na fundi karibu ni mzigo hata likiwa jipya. Na vitabu vya kasoro virudi kwa wachoraji wa Makerere na Jinja, ili toleo linalofuata lizaliwe kutokana na safari za Waganda.

Hapo ndipo mabishano ya kantini yatakapokuwa na faida. Dereva atakayesema kiti kimekaa vibaya, taa haimuliki kona, mlango unaingiza vumbi, huyo ndiye mchambuzi wa umbo ambaye kampuni inamhitaji. Sauti yake haikusikika Tokyo, na kwa umbali uliopo haikuwa rahisi isikike. Isikosekane Jinja.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huko ni pamoja na kumwambia mchezaji kweli anapokosea hatua, na kumlipa anapocheza vizuri. Hayo mawili yakifanywa na idara zenye magari mengi kuliko zote nchini, Kiira itapata oda yake ya pili. Yasipofanywa, litaingia katika orodha moja na Nyayo Pioneer, na wajukuu wetu wataonyeshwa gari la kijani la viti viwili na kuambiwa kwamba hapo zamani Waganda waliwahi kujaribu.